TSH ya shangazi imezidi (gumzo la kikundi cha Ukoo Wetu)

Shangazi Rehema: Hamjambo wanangu. Majibu yametoka. TSH 18.6, pembeni wameandika imezidi. Halafu T4 wameandika iko chini. Sasa tezi yangu ya shingo inachapa kazi kupita kiasi au imelala? Daktari ataniona keshokutwa, nimeshindwa kusubiri.

Baba Mdogo Salim: Pole dada. Imezidi ni imezidi. Ingekuwa imelala ingesomeka chini.

Juma: Hukumu imeshatoka 😂

Baba Mdogo Salim: _Umesambazwa mara nyingi_
TEZI NI UKOSEFU WA MADINI JOTO TU!! Ongeza chumvi na matone ya iodini kila asubuhi, wiki mbili umepona. Hospitalini hawakwambii!! Sambaza uokoe maisha 🙏🙏

Mwanaidi: Shikamooni. Shangazi, tafadhali usinywe matone yoyote kwanza. Niko maabara, nikitoka nitaandika.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Sijanywa kitu.

Mwanaidi: Haya, nimetoka. Shangazi, TSH haitengenezwi na tezi ya shingo. Inatoka pituitari, kitezi kidogo sana chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo itoe homoni. Ni kama msimamizi na kibarua: kibarua akizembea, msimamizi anapaza sauti. Hiyo 18.6 ni sauti ya msimamizi. Maabara nyingi huhesabu kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4 hivi.

Juma: Kwa hiyo TSH ikiwa juu tezi imelala, na TSH ikiwa chini tezi imepitiliza?

Mwanaidi: Mara nyingi ndivyo. Ila hatusomi TSH peke yake, ndiyo maana wakapima na T4, homoni inayotolewa na tezi yenyewe. T4 ya shangazi iko chini na TSH iko juu, maana yake amri inafika lakini tezi haiwezi kuitimiza. Vingekuwa vyote viwili chini, ningeanza kuiwazia pituitari yenyewe.

Shangazi Rehema: Ndiyo maana nasikia baridi wenzangu wakitokwa jasho. Na choo kigumu, na usingizi usioisha.

Mwanaidi: Hizo homoni ndizo zinazouambia mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Zikipungua, moyo unapiga polepole, utumbo unakuwa mzito, ngozi inakauka, joto linashuka.

Baba Mdogo Salim: Sawa, lakini hizo homoni si zinatengenezwa kwa madini joto? Basi ujumbe wangu una kosa gani?

Mwanaidi: Swali zuri baba mdogo. Iodini, ndiyo hayo madini joto, ni lazima, hapo uko sahihi. Tukiila inaingia kwenye damu, na seli za tezi zinaivuta kwa nguvu mpaka ndani yake inakuwa nyingi mara 20 hadi 40 kuliko kwenye damu. Humo kuna protini kubwa inayoitwa thairoglobulini. Kimeng'enya kiitwacho peroksidesi kinaibandika iodini juu ya vipande vya protini hiyo vinavyoitwa tairosini, kimoja kinapata iodini moja, kingine mbili. Kisha vinaunganishwa viwili viwili. Mbili na mbili ni T4. Moja na mbili ni T3.

Juma: Kumbe 4 na 3 ni hesabu ya iodini! Miaka yote nadhani ni namba za fomu.

Mwanaidi: 😄 Ndiyo hivyo. Na hazitoki siku hiyohiyo. Zinakaa kwenye akiba ndani ya tezi, akiba ya kutosha wiki nyingi, hata miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo mtu akikosa iodini leo, kesho hatajua. Zikihitajika, seli zinaimeza ile protini, zinaikatakata, T4 na T3 zinaingia kwenye damu. Iodini iliyobaki kwenye vipande ambavyo havikutumika inarudishwa kazini.

Mama Asha: Na ipi ndiyo yenye nguvu?

Mwanaidi: T3. Lakini tezi inatoa zaidi T4. Ini, figo na viungo vingine vinaondoa iodini moja kwenye T4, inakuwa T3. Vimeng'enya vya kazi hiyo vinahitaji madini mengine, seleniamu. Pituitari nayo inaangalia kiasi kilichomo kwenye damu: zikitosha inapunguza TSH, zikipungua inaongeza. Na juu yake kuna sehemu nyingine ya ubongo inayoisukuma. Mzunguko huo hausimami, hata ukilala.

Baba Mdogo Salim: Bado hujanijibu.

Mwanaidi: Najibu. Asiye na iodini ya kutosha, T4 yake inashuka, TSH inapanda, na TSH hiyohiyo inaikuza tezi. Hapo ndipo goita inapotokea. Huyo iodini inamsaidia kweli. Uswisi walianza kutia iodini kwenye chumvi mwaka 1922, na goita zilizokuwa zimeenea milimani kule zikapungua sana. Lakini mtu ambaye tezi yake inashambuliwa na kingamwili zake mwenyewe, hana upungufu wa kujaziwa. Malighafi ipo, mashine ndiyo inayoharibiwa. Ugonjwa huo unaitwa Hashimoto, kwa jina la daktari wa Japani aliyeueleza mwaka 1912. Penye chumvi yenye iodini, ndio sababu kubwa ya tezi kulegea.

Shangazi Rehema: Daktari ameagiza kipimo kingine cha kingamwili, majibu bado.

Mwanaidi: Basi ndicho anachokitafuta. Na matone yana hatari yake. Iodini ikiingia nyingi ghafla, tezi inafunga utengenezaji wa homoni. Watafiti Wolff na Chaikoff walilionyesha jambo hilo mwaka 1948. Tezi yenye afya inajifungua tena yenyewe baada ya siku chache. Yenye Hashimoto inaweza kushindwa, ikabaki imefungwa. Na mwenye goita ya siku nyingi yenye vinundu anaweza kupata kinyume chake, homoni zikafurika na moyo ukaenda mbio.

Baba Mdogo Salim: Duh. Dawa moja, mmoja inamzima, mwingine inamkimbiza.

Asha: Dada Mwanaidi, na mimi mjamzito je? Nisiogope chumvi?

Mwanaidi: Wewe usiikimbie. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250. Miezi ya mwanzo mtoto anategemea homoni zako, tezi yake bado haijaanza kazi, na ubongo wake unajengwa wakati huo. Soma kibandiko cha vidonge vya kliniki, si vyote vina iodini. Mwonyeshe mkunga. Usijinunulie matone.

Asha: Sawa dada ❤️

Shangazi Rehema: Na mimi wakinipa dawa?

Mwanaidi: Yaelekea ni levothairoksini. Hiyo ni T4 yenyewe, mwili unaigeuza kuwa T3 kama kawaida. Inakaa sana mwilini, baada ya wiki moja hivi ndipo nusu yake inakuwa imeondoka. Kwa hiyo usitarajie nafuu kesho, na TSH huwa tunaipima tena baada ya wiki 6 hadi 8. Unameza na maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula.

Shangazi Rehema: Asubuhi huwa nameza vya kuongeza damu.

Mwanaidi: Hapana, madini ya chuma yanaizuia isinyonywe vizuri. Kalsiamu vilevile. Viachanishe kwa saa 4.

Shangazi Rehema: Basi vya damu nitavihamishia usiku. Juma, uje unitegee kengele kwenye simu, mimi hizi siziwezi.

Juma: Mbili au moja shangazi?

Shangazi Rehema: Mbili. Na ya asubuhi iwe na kelele.