Majirani Geti ya Bluu, mtaa wa London, Nakuru

*Jumanne*

18:42 Mama Shiro: Majirani habari za jioni. Narudia kwa sababu mchana niliandika mkanyamaza. Daktari wa mifugo wa Njoro amekubali kuja Jumamosi kuhasi paka na mbwa hapa hapa mtaani. Wakifika kumi anatupunguzia: paka jike 2,500, dume 1,500, mbwa ni kulingana na kilo. Chanjo ya kichaa cha mbwa imo. Andikeni majina.

1. Mama Shiro, paka jike
2.
3.

19:15 Mama Shiro: Naona mmesoma. Andikeni basi.

19:31 Baba Brayo: Hiyo 1,500 ya madume inahusu na wenye nyumba? 😂

19:31 Kamau Duka: 😂😂😂

19:33 Nekesa: Mke wako alipe sasa hivi 🤣

19:36 Mama Shiro: Baba Brayo, cheka baadaye. Nyuma ya tangi lako kuna paka ana watoto wanne, hawajaacha kunyonya na tumbo limeshajaa tena. Mimba ya paka ni siku 63 hivi, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Hao wa kike wakifika miezi minne nao wanaanza. Piga hesabu mpaka Disemba.

19:40 Baba Brayo: Huyo si wangu. Namtupia tu vichwa vya omena.

19:41 Mama Shiro: Unayemlisha ni wako. Nakuandika.

19:44 Kamau Duka: Wangu analinda duka. Mkimhasi atakuwa kondoo.

19:47 Mama Shiro: Ulinzi hautoki huko Kamau. Analinda kwa sababu anajua hapo ni kwake. Kitakachopungua ni kuruka ua kufuata majike na kurudi sikio limechanika.

19:52 Nekesa: Si wanasema azae mara moja kwanza ndiyo afungwe kizazi?

19:55 Mama Shiro: Daktari amesema hakuna faida yoyote. Mbwa jike akifungwa kabla ya joto la kwanza, yaani kabla hajaanza kutaka dume, saratani ya matiti huwa nadra sana kwake. Na kizazi kikishatolewa hakiwezi kujaa usaha kama cha yule wa Halima.

20:01 Halima: Wacha tu. Kutwa anakunywa maji, tumbo limevimba, nikajua ni mimba. Kumbe ni usaha.

20:12 Mama Otis: Leo ndiyo mnajali mbwa. Wakati wa Tiger mlikuwa wapi?

20:14 Mama Otis: Nyama ilitupwa juu ya geti usiku. Asubuhi nikamkuta amekakamaa miguu, povu mdomoni. Na humu humu mtu akaandika afadhali kelele imepungua. Sijasahau.

20:15 Kamau Duka: Hiyo tuliongea ikaisha.

20:15 Mama Otis: Iliisha kwako.

20:16 Kamau Duka: *Ujumbe huu umefutwa*

20:18 Baba Brayo: Kama tunafukua makaburi, pesa ya taa za geti iko wapi?

20:19 Mama Shiro: Baba Brayo tafadhali!! Mama Otis, pole sana. Ni Tiger ndiye amenisukuma. Ile sumu ilikuwa ya mbwa wa jaa la Gioto, si ndiyo walisema? Na bado wanateremka huku kila usiku. Ukiua hawa, takataka zinabaki, wengine wanakuja kuzila. Walio hapa wakihasiwa na kuchanjwa wanashikilia mahali bila kuongezeka.

20:37 Mwalimu Koech: Nimesoma yote. Mtoto wa dada yangu aling'atwa kisigino na kijibwa kisicho na mwenyewe. Kidonda kilikuwa kidogo, tukapaka majivu tukarudi kupalilia. Hakuna aliyekiosha kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15. Hakuna aliyempeleka sindano. Baadaye akaanza kuogopa maji. Ugonjwa ukishafika hapo hauna tiba. Tulimzika kabla mahindi hayajakomaa. Mbwa wangu wote wawili waandikwe. Mama Otis, neno la Tiger tutalizungumza kwangu ana kwa ana, na Kamau atakuwepo.

20:58 Kamau Duka: Sawa Mwalimu.

20:59 Kamau Duka: Andika wangu. Dume.

21:03 Halima: Pole Mwalimu. Sikuwa najua.

21:05 Nekesa: Paka jike mmoja.

21:10 Mama Shiro: Asante Mwalimu. Na wa tangi tumefika sita, bado wanne. Ijumaa usiku wakubwa wasile, maji waachiwe mpaka asubuhi. Wenye vitoto mnipigie, hao hawakai njaa usiku kucha. Paka aje kwa kikapu chenye kifuniko, si gunia. Blanketi kuukuu pia, wakiwa na dawa ya usingizi wanapata baridi. Mia tano za kwanza nitumieni kufikia Alhamisi. Wa tangi natoa nusu. Nusu nyingine nani?

21:44 Mama Shiro: ??

*Jumatano*

06:14 Baba Brayo: Natoa mia tatu. Kumshika sishiki, anararua.

06:20 Mama Otis: Kwa Mwalimu nitaenda. Hayo ya Jumamosi sijui.

07:02 Mama Shiro: Sawa dada. Daktari anauliza chumba safi chenye mwanga, meza na maji. Funguo za ukumbi wa kanisa anazo nani?

11:26 Baba Njeri: Ndiyo naona sasa. Ni Jumamosi hii au ile nyingine?

11:27 Mama Shiro: Hii! Una wangapi?

11:27 Mama Shiro: Na funguo jamani?