Naomba ushauri: Jadzia ameondoka Deep Space Nine, tuendelee na msimu wa saba au tuishie hapa?

Nyota ya Jioni:
Wakuu habari zenu. Kwa asiyefuatilia Star Trek jambo hili litaonekana dogo, lakini kwetu limeleta mvutano wa kweli.

Mimi na mdogo wangu wa kike tunaangalia Deep Space Nine, mojawapo ya tamthilia za Star Trek, kwa mpangilio, hatujaruka kitu. Mimi nilinaswa na Sisko. Avery Brooks anamwigiza kama mtu aliyebebeshwa kituo kizima cha anga na vita juu yake, na bado anabaki baba. Ule ukaribu wake na mwanawe Jake sijauona kwa nahodha mwingine yeyote wa Star Trek. Mdogo wangu yeye ni Jadzia Dax tangu siku ya kwanza. Mwanasayansi, mpiganaji, anakaa na Ferengi, jamii ya wafanyabiashara, mezani kucheza kamari, na kwa kuwa yeye ni Trill, jamii ambayo baadhi yao hubeba mwilini kiumbe kinachohama kutoka mtu hadi mtu (wa kwake anaitwa Dax), ndani yake zimo kumbukumbu za watu saba waliomtangulia. Anasema ni nadra kumwona mwanamke wa bunilizi ya kisayansi aliyeandikwa mwenye furaha kiasi kile bila kufanywa mjinga.

Sasa tumemaliza msimu wa sita. Jadzia ameuawa hekaluni, mnakijua kilichotokea. Mdogo wangu amesema basi, yeye amefika mwisho. Nikapekua kidogo nikaona kwamba Terry Farrell, mwigizaji wa Jadzia, hakurudi, na msimu wa saba anaingia Nicole de Boer kama Ezri Dax. Kumwambia hivyo nikawa nimechochea moto: "Wamemuua, halafu wanatuletea sura nyingine tumpende kwa jina lake?"

Nimshawishi? Niendelee peke yangu? Au turuke sehemu za Ezri tufuate vita dhidi ya Dominion, ile dola adui, tu? Tafadhali msitaje mwisho. Nawasilisha.

Kijana wa Bajor:
Mkuu, hilo la kuruka liondoe kabisa. Ezri hakuwekwa pembeni. Yumo kwenye safari ya Sisko tangu mwanzo wa msimu, yumo kwenye majonzi ya Worf, mume wa Jadzia, na hizo sehemu za mwisho za vita zimefungana kama mnyororo. Ukikata moja hutaelewa inayofuata.

Daktari wa Zamu:
Pole kwa mdogo wako. Hasira yake naielewa kwa sababu nimewahi kuwa nayo kwa Dokta Pulaski.

Kwa wasiokumbuka: kwenye The Next Generation, tamthilia nyingine ya Star Trek, Gates McFadden, aliyekuwa Dokta Beverly Crusher, aliondoka baada ya msimu wa kwanza, akaingia Diana Muldaur kama Pulaski. Mwigizaji mzuri, na hakuwa mgeni, maana alishacheza wahusika wawili tofauti kwenye Star Trek ya miaka ya 1960. Shida ilikuwa uandishi. Walimtaka awe mkali kama daktari McCoy alivyokuwa kwa Spock kwenye ile ya kwanza, wakamwelekezea ukali huo Data, roboti mwenye umbo la mtu. Lakini Spock alikuwa anamjibu McCoy, tena kwa makali. Data hana kinyongo, anapokea tu. Kwa hiyo Pulaski akawa anaonekana mtu mzima anayemwonea mtoto. Msimu wa tatu McFadden akarudishwa.

Ninachotaka kusema ni kwamba mwigizaji mpya huanguka anapopewa kazi ya kuziba pengo huku hadithi ikijifanya hakuna pengo. Pulaski alifika, na Beverly akawa hatajwi sana. Ezri hakufanyiwa hivyo. Kila anayemwona anamwona Jadzia kwanza, na wanashindwa kuficha.

Mpenda Worf:
Mimi nitakuwa tofauti na wenzangu. Endeleeni, ndiyo, lakini msitegemee makubwa kwa Ezri. Msimu wa mwisho wenye sehemu 26 si mahali pa kuanza kumjenga mtu kutoka sifuri. Farrell alikuwa na miaka sita. De Boer alipewa mmoja, na ili tumzoee wakamrundikia sehemu nyingi mfululizo, wakati Kira na Jake walikuwa bado wana mengi ya kumaliziwa. Ile ya familia yake, "Prodigal Daughter", ni dhaifu kweli, na inaangukia kipindi ambacho nilitaka kujua vita vinaendaje.

Simlaumu mwigizaji. Ana macho yanayosema. Nalaumu mpangilio. Mkataba wa Farrell ulikuwa wa miaka sita, hawakuelewana kuhusu wa saba, akaondoka. Kama wangempa nafasi ya kuonekana mara chache tu, tusingekuwa na uzi huu.

Nyota ya Jioni:
Asanteni. @Daktari wa Zamu hoja ya pengo nimemsomea, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kama wanamwona Jadzia ndani yake, basi wangemtafuta mwigizaji mwingine amcheze Jadzia mwenyewe." Nilikosa jibu. Mbona Spock kachezwa na Leonard Nimoy, Zachary Quinto na Ethan Peck, na watu wamekubali?

Bibi wa Trill:
Mwanangu, hapo nina la kusema, maana Dax ndiye mhusika ninayempenda kuliko wote kwenye Star Trek nzima.

Spock wa Quinto na wa Peck ni Spock wa ujana. Wanacheza miaka ambayo Nimoy hakuicheza, au ulimwengu ambao historia yake imepinda. Hakuna aliyeingia katikati ya tamthilia na kuketi kwenye kiti cha Nimoy kikiwa bado na joto. Fikirieni mwanamke mwingine anamkumbatia Worf wiki inayofuata, anaitwa Jadzia, na wote wanajifanya ni yuleyule. Mdogo wako angevumilia hilo? Mimi nisingeweza.

Halafu Dax ndiye mhusika pekee wa kituo kile ambaye kuhamia mwili wa mtu mwingine ni sehemu ya maisha yake. Sisko alimjua akiwa Curzon, mbebaji aliyemtangulia Jadzia, mzee wa kiume, ndiyo maana mpaka leo anamwita mzee. Jadzia mwenyewe alipofika msimu wa kwanza alikuwa sura mpya ya rafiki wa zamani. Sisi tulimkuta tayari amezoeleka, hatukuona Sisko akimlilia Curzon. Kwa Ezri tunaonyeshwa ile hatua tuliyoikosa.

Na hili mwambie mdogo wako kwa uzito wake. Jadzia aliipigania nafasi ya kumbeba Dax. Alisoma, akakataliwa, akaomba tena, akakubaliwa, na hakuna mwingine aliyewahi kurudishwa baada ya kukataliwa. Ezri hakutaka kabisa. Dax alikuwa anakufa, Ezri ndiye Trill aliyekuwepo karibu, akapokea bila mafunzo yoyote. Anaamka na maisha manane ya watu wengine kichwani, hajui chakula anachokipenda ni chake au cha nani, na anasikia kichefuchefu chombo kikiyumba. Anamkumbuka mume ambaye yeye hakuolewa naye. Ukimtazama akitafuta ujasiri wa Jadzia utamchukia, kwa sababu hana. Mtazame kama binti aliyetwishwa mzigo ambao mwenziwe aliutafuta kwa jasho, na yale anayoyaona Mpenda Worf kama udhaifu yatakupa maana nyingine.

Mpenda Worf:
Bibi, hapo kwenye mzigo nakubali. "Prodigal Daughter" bado siikubali.

Bibi wa Trill:
Hiyo hata mimi siitetei.

Abiria wa Voyager:
Ninaongeza kutoka Voyager, tamthilia nyingine ya Star Trek, maana huko ilikuwa kinyume. Kes wa Jennifer Lien aliondoka mwanzoni mwa msimu wa nne, mwaka 1997, akaingia Jeri Ryan kama Seven of Nine. Wengi tulimpokea kwa mashaka, hasa kwa lile vazi la kubana ambalo mpaka leo naona halikumtendea haki. Lakini Ryan alimcheza kwa umakini mkubwa, na mafunzo yake na Daktari wa Robert Picardo yakawa moyo wa tamthilia. Kwa upande mwingine Kes alisahaulika haraka mno, na hilo bado linaniuma. Kama mdogo wako anahofia Jadzia atasahauliwa, mhakikishie: hasahauliki.

Nyota ya Jioni:
Nimemsomea yote ya Bibi. Amekubali kujaribu sehemu tatu za mwanzo, kisha ataamua. Kuna kitu kingine cha kumwonyesha kabla?

Bibi wa Trill:
Tatu zinatosha, na ya tatu, "Afterimage", ndiyo mtihani wenyewe. Ezri anajaribu kumsaidia Garak, fundi cherehani wa kituo, na Garak anamwambia maneno makali kuliko yote ambayo mdogo wako anaweza kuyafikiria juu yake. Mwache aangalie bila kumwandaa.

Kabla ya hapo mwonyeshe "The Host" ya The Next Generation, ya mwaka 1991. Ndiyo Trill wa kwanza kuonekana. Beverly anampenda Odan, mwili wa Odan unakufa, kiumbe aliyemo ndani anahamishiwa kwa mtu mwingine, na Beverly analazimika kujiuliza alimpenda nani hasa. Yeye anajibu kwamba hawezi kuendana na mabadiliko hayo. Ni jibu la mdogo wako, na Star Trek ililiheshimu.

Daktari wa Zamu:
Mwambie tu asishangae sura. Trill wa mwaka 1991 wana paji la uso lenye matuta, zile alama za madoa zilikuja na Jadzia.

Nyota ya Jioni:
Madoa ndiyo kitu cha kwanza atakachouliza. Tunaanza na hiyo leo, nitarudi kuwapa majibu baada ya "Afterimage".