Mashine ya FBP inajuaje hii nyutrofili, ile limfosaiti?

Dogo_wa_Fildi
Wakuu habari za jioni. Niko fildi maabara, kuna kitu nimeuliza hapa kituoni nikajibiwa "inapiga leza" basi, mtu akaondoka zake. Mashine ya FBP (kipimo cha damu kinachohesabu seli zake) inagawa seli nyeupe makundi matano, nyutrofili, limfosaiti, eosinofili na wenzao, chapchap, mimi na slaidi yangu iliyopakwa rangi ya Giemsa nahesabu seli 100 mpaka shingo inakakamaa. Sasa leza inaijuaje nyutrofili?? Na juzi kuna mtoto malaria imejaa, mashine ikaleta eosinofili juu, kwenye slaidi nazitafuta sizioni. Mbovu au?

mama_hadubini
Dogo, pale hakuna picha, inachopima ni mwanga unavyotawanyika. Kwanza rijenti, yaani kemikali ya mashine, inapasua chembe nyekundu maana ziko kama milioni 5 kwa maikrolita na nyeupe ni elfu 4 mpaka 11 tu, zingefunika kila kitu. Halafu seli zinapita moja moja mbele ya leza. Mwanga unaochepuka kidogo tu ukaendelea mbele unakupa makadirio ya ukubwa, ule unaorushwa pembeni nyuzi 90 hivi unategemea ndani kukoje, chembechembe zikiwa nyingi na kiini kimekatikakatika ndo unaongezeka. Kwahiyo limfosaiti, ndogo, laini, inakaa chini kushoto kwenye grafu, monosaiti inapanda kwa ukubwa, nyutrofili inakimbilia mbali kule. Yale madoa kwenye skrini mnayoyapita bila kuyatazama, kila doa ni seli.

fizikia_tu
Hesabu za huo mtawanyiko wa mwanga ni za mwanafizikia Gustav Mie, 1908, ila alizipiga kwa tufe, umbo la mpira. Chembe nyekundu ni bapa, ikipita kiubavu inatawanya tofauti na ikipita kifudifudi, ndo maana mashine zinazopima hizo nyekundu zenyewe kwa leza, bila kuzipasua, zinazifanya mviringo kwanza kwa rijenti, ujazo ukibaki uleule.

Pipeti
Kwenye malaria sasa ndo patamu. Kimelea akila himoglobini anabakiza hemozoini, ile pigmenti ya kahawia, na ni fuwele. Nyutrofili na monosaiti zinaimeza. Kuna mashine zinatumia mwanga uliopolaraizwa, yaani mawimbi yake yanatikisika upande mmoja tu, eosinofili inajulikana kwa kuwa chembechembe zake zinavuruga ile polaraizesheni, na hemozoini nayo inavuruga vilevile! Basi nyutrofili iliyomeza pigmenti inaandikwa eosinofili. Afrika Kusini walishaliona hili miaka ya 90, wakawa wanaokota malaria kwa watu ambao daktari kaomba FBP tu. Mashine yenu nzima kabisa.

Dogo_wa_Fildi
Duh! Kwahiyo slaidi naacha, nasubiri grafu iniambie 😀

mama_hadubini
Thubutu. Mgonjwa ndo kwanza kaanza homa pigmenti inaweza kuwa haijajaa kwenye seli nyeupe, na aliyemaliza dozi monosaiti zake zinaweza kuwa bado nayo wakati vimelea hakuna tena. Grafu ikikaa vibaya inakutuma kwenye hadubini, haikutoi huko. Na mtoto wa sikoseli mwangalie zaidi, chembe nyekundu changa zenye kiini kuna mashine zinazihesabu kama limfosaiti, WBC, yaani hesabu ya seli nyeupe, inapanda ya uongo, daktari anaanza antibayotiki za bure. Hapo unazihesabu kwenye slaidi, unasahihisha WBC kabla majibu hayajatoka.