Naenda kukaa Matamba siku 21 kuchora mandhari: naomba ushauri wa wanaochorea nje

FundiMabango, Mwanjelwa

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Mimi ni fundi mabango hapa Mwanjelwa, huu ni mwaka wa 11. Kuta za shule, milango ya saluni na majina ya maduka ndivyo vinavyonilisha. Ila moyo wangu uko kwenye mandhari. Mlima Loleza nauona kila asubuhi nikifungua kibanda, na sijawahi kuuchora nikiwa nautazama. Nachora usiku, kwa picha za simu. Mwezi uliopita nilimwonyesha mteja mmoja, mzaliwa wa hapahapa Mbeya, akaniuliza huo ni mlima wa wapi. Sikulala vizuri siku ile.

Basi nimeamua. Januari nafunga kibanda siku 21. Nimepata chumba kwa mwalimu mmoja Matamba. Nataka maua ya Kitulo, ile hifadhi ya jirani na Matamba, na nataka kuchora bonde la Usangu nikiwa juu kule zinakoishia zile kona 57 za barabara ya kutoka Chimala. Baadaye nipitie Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, maporomoko ya Kaporogwe, nimalizie Matema ziwani.

Naomba mnisaidie. Gloss, yaani rangi ya mafuta ya kung'aa, na hadibodi ndivyo nilivyovizoea. Mchoraji Mzee Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza na rangi za namna hiyo mwaka 1968 na akafika mbali. Zitanifaa nje? Ukungu na mvua mnafanyaje? Na huo mzunguko wangu, siku 21 zinautosha?

MamaGangilonga, Iringa

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Nimechorea nje miaka 19, kuanzia Isimila hapa kwetu mpaka Matema. Kitulo nimekaa mara mbili, kwanza Juni, halafu Februari. Naanza na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo litakaloiharibu safari.

Futa mzunguko. Kaa Matamba siku zote 21. Kutoka Kitulo hadi Matema unashuka zaidi ya mita 2,000: hewa nyingine, joto lingine, mwanga mwingine kabisa. Utafika ziwani macho yako yakiwa bado huko juu, na siku yakizoea ndiyo siku ya kupanda gari kurudi.

Mimi nilikwenda Isimila mara ya kwanza nikitaka zile nguzo za asili zote. Nikarudi na picha 14, na hakuna iliyosimama hata moja. Mwaka uliofuata nikachagua nguzo moja nikakaa nayo siku 9. Siku ya 4 ndipo nikaona kwamba kivuli chake si cheusi. Saa 2 asubuhi kina zambarau, kwa sababu anga inakimulika. Saa 10 jioni kina wekundu, na wekundu ule unatoka kwenye nguzo ya jirani iliyopigwa na jua. Simu haikuonyeshi hayo, yenyewe ikikuta kivuli inakifanya giza tupu. Nadhani ndiyo maana mteja wako hakuutambua Loleza: wewe mwenyewe ulikuwa hujauona, ulikuwa umeiona simu.

Rangi sasa. Gloss iache kibandani. Inapenda umbo lenye mpaka wake, ndege hapa, mti pale, na Tingatinga aliitumia hivyo vizuri sana. Mandhari inataka rangi ziingiane. Halafu gloss inakaa saa nyingi haijakauka, na nje vumbi na wadudu vinanasa humo. Chukua rangi za maji na karatasi nzito. Ukipenda hadibodi, kata vipande vya ukubwa wa daftari, vipake nyeupe mara mbili, tumia akriliki. Ila akriliki haitaki baridi: joto likiwa chini ya nyuzi 10 hivi haishikani vizuri, baadaye inapasuka. Juni ile niliamka umande umeganda kwenye nyasi, na picha nilizozilazimisha asubuhi zile zote zilipukutika. Isimila mwezi Oktoba ni kinyume, inakaukia kwenye sahani kabla hujageuka, mpaka uweke kitambaa kibichi chini ya karatasi ya kuchanganyia.

Kijani usinunue. Nunua njano mbili, mojawapo ile ya udongo, na buluu, nyekundu na nyeupe. Changanya kijani mwenyewe na utie nyekundu kidogo ya kukipunguza makali. Nyasi za Kitulo wakati wa mvua zina njano na waridi ndani yake, kijani cha kopo hakiwezi kukupa hiyo.

Karatasi yako isikae juani. Weupe wake unakuchoma macho, unaongeza giza bila kujijua, na ukiingia ndani unakuta picha yote imekuwa nyeusi. Beba mwavuli mweusi. Fulana nyekundu usivae, inatupa wekundu kwenye karatasi.

Ukungu usiukimbie. Ukija, vilima vya nyuma vinafutika kimoja baada ya kingine, na hapo ndipo utajua kipi kiko mbele ya kipi. Shida ni kwamba rangi ya maji haikauki. Februari nilingoja dakika 40 kwa anga moja tu. Uwe na penseli na daftari la pili la kungojea.

Na kuna jambo moja la watu. Asubuhi moja, nje ya mpaka wa hifadhi, niliinama kwenye nyasi kwa muda wa saa 3 nzima nikichora ua moja la okidi. Wakaja wazee wawili wamekasirika, wakidhani nachimba. Hasira yao ina historia: viazi vya okidi vilichimbwa sana kule vikapelekwa Zambia, wanakovipika chakula kiitwacho chikanda. Niliwaonyesha karatasi. Mmoja akakaa mpaka nimalize, akanisahihisha hata idadi ya majani. Siku hizi nikifika kijijini naanza kwa mwenyekiti, namweleza nitakaa wapi na kwa nini nitainama.

MkulimaViazi, Matamba

Karibu kwetu kaka. Januari hapa kunang'aa asubuhi, wingu linashuka baada ya saa 6 mchana, si kila siku lakini mara nyingi. Uamke saa 11, saa 12 uwe umeshakaa. Chukua gambuti na sweta mbili. Zile kona za Chimala mvua ikinyesha zinateleza vibaya, dereva akikataa kupanda usimbembeleze. Unaweza kuzungukia Isyonje na kupita uwandani.

Nakuomba sana: picha zikiwa mbichi usiziwekee jiko la mkaa chumbani ukalala nalo. Baridi inawashawishi wageni kufunga dirisha, na mkaa unaua bila kutoa harufu.

MwalimuJiografia, Tukuyu

Naongezea upande wa hifadhi. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa hiyo huwezi kuingia na stendi yako ya kuchorea ukakaa popote. Fika ofisini kwao mapema, ueleze unahitaji siku ngapi na utakaa saa ngapi sehemu moja, maana mgeni wa kawaida anatembea na wewe utakuwa umeketi. Andika barua, uambatanishe picha zako 2 au 3.

Usione aibu kuomba. Marekani hifadhi nyingi zina utaratibu wa kumpa mchoraji nyumba wiki kadhaa, naye anaacha picha moja. Na wana sababu: mwaka 1871 mchoraji Thomas Moran alifuatana na watafiti hadi Yellowstone, akarudi na michoro ya rangi za maji. Michoro hiyo, pamoja na picha za kamera za William Henry Jackson, ilionyeshwa kwa wabunge ambao hawajawahi kufika huko. Machi 1872 Yellowstone ikawa hifadhi. Kitulo ina aina zaidi ya 40 za okidi na kuna watoto wa shule hapa Tukuyu, ng'ambo tu ya milima, ambao hawajawahi kuiona hata moja. Ukirudi, naomba uje darasani kwangu na picha hizo. Nauli nitatoa mimi.

FundiMabango, Mwanjelwa

Ndaga fijo nyote. Mzunguko nimeufuta, na mwalimu, nitakuja. Mama, swali moja limebaki: hiyo sehemu moja naichaguaje?

MamaGangilonga, Iringa

Siku 2 za kwanza tembea bila brashi. Tafuta mahali penye kitu cha karibu, cha kati na cha mbali, pawe mwendo wa nusu saa ukiwa na mzigo, na uwe na pa kujikinga wingu likishuka. Pita hapo asubuhi na jioni kabla ya kuamua.

Ila kwa nini usubiri Januari? Loleza unao mlangoni. Anza kesho kabla hujafungua kibanda, karatasi ndogo, dakika 30, kila siku.

FundiMabango, Mwanjelwa

Narudi baada ya siku 6. Nakaa kwenye benchi la mama wa chapati, saa 12 na nusu kamili. Tano za mwanzo sizionyeshi kwa mtu. Leo jua lilipiga bega la kulia la mlima na bonde lake likabaki na ile zambarau uliyoisema, nikaiwahi kabla haijaondoka. Mama wa chapati alikuja kuchukua sahani, akainamia karatasi, akasema, "Mbona Loleza umeusahaulia minara yake?"

Kesho naiweka.