Stika za QR au tegi za NFC kwenye mashine za kukodisha?

KodiMitambo: Wakuu, salaam. Nina mashine za kukodisha. Nataka kila moja iwe na alama ambayo kijana akiielekezea simu anapata rekodi yake: nani kaichukua, oili ilimwagwa lini, nini kimebadilishwa. Nimeletewa bei za stika za QR (msimbo wa visanduku unaosomwa kwa kamera) na za tegi za NFC (chipu ndogo isiyo na betri, inasomwa simu ikisogezwa karibu). Naagiza wiki hii. Kipi bora?

Fundi_Sakiti: Mkuu, swali bado bichi. Mashine zipi? Alama inakaa juu ya chuma au plastiki? Vijana wana simu gani, na wakiwa saiti wana bando?

BintiStoo: Mimi nasema QR. Simu nyingi za bei ya chini hazina NFC, lakini kamera kila simu janja inayo. Mwambie kila kijana afungue mipangilio ya simu atafute NFC. Wasipoiona, mjadala umeisha. Kwa iPhone, kuanzia XS na XR za 2018 tegi inasomwa yenyewe kioo kikiwa kimewaka. Za nyuma ya hapo zinasumbua.

KodiMitambo: Jenereta, vaibreta za zege, kompakta za kushindilia udongo, mashine za kuchomelea. Chuma tupu. Simu mchanganyiko.

Fundi_Sakiti: Vaibreta na kompakta? Basi QR itafunikwa na zege mapema sana. Kamera haioni chini ya saruji, ila NFC inapenya saruji, rangi na grisi, mradi tabaka lisiwe nene. Lakini usinunue tegi ya kawaida. Ukiibandika kwenye chuma, uga wa sumaku wa simu unazusha mkondo ndani ya chuma, mkondo huo unaupinga uga, na chipu haipati umeme wa kuamka. Unayotaka ni ile ya juu ya chuma, yenye tabaka la feraiti nyuma, yaani kitu cha sumaku kinachoikinga tegi na chuma. Chipu ya aina ya NTAG213 inatosha, ina baiti 144 za kuandikia. Ukishaandika, isome kwa simu mbili tofauti, kisha ifunge, la sivyo mteja yeyote ataiandika upya. Kufuli la kudumu halifunguki, kwa hiyo ukikosea tegi ni ya kutupa.

MchapaLebo: Kabla ya kubishania stika na tegi, angalieni kinachoandikwa ndani. Kuna kampuni ya kukodisha vifaa vya sherehe ilitengeneza misimbo yake kwenye tovuti ya bure. Tovuti za namna hiyo mara nyingi haziweki kiungo chako ndani ya msimbo. Zinaweka kiungo chao, halafu ndicho kinachompeleka mtu kwako. Muda wa majaribio ulipokwisha, kila stika ikawa inafungua ukurasa wa kudai malipo, na kilichokwisha kuchapwa hakibadiliki. Tena zilichapwa kwa printa ya risiti, ile inayochoma karatasi bila wino. Zilizokaa juani zikapauka, zilizokuwa karibu na ekzosi ya jenereta zikawa nyeusi tii. Wakarudi kwenye daftari.

Ndani weka namba ya mashine tu, mfano JEN-014, kwa herufi kubwa. Hiyo inaingia kwenye msimbo mdogo kuliko yote, visanduku 21 kwa 21, hata kwa kiwango H kinachovumilia takriban asilimia 30 ya msimbo kuharibika. Kisanduku kikiwa milimita 1, na ukingo mweupe wa visanduku 4 kila upande, alama nzima ni milimita 29. Isomwe ndani ya AppSheet, huduma ya Google ya kujitengenezea programu ya simu, ambayo inaweza kuhifadhi taarifa bila mtandao na kuzituma kijana akirudi stoo. Stika iwe ya poliesta, ichapwe kwa printa inayotumia riboni ya rezini, siyo ya risiti.

Fundi_Sakiti: Hapo kamera ya kawaida itaonyesha JEN-014 tu, basi.

MchapaLebo: Ndivyo inavyotakiwa, kiongozi. Kwa nini mteja asome rekodi za matengenezo?

Bati_na_Ribiti: Stika zote zitachubuka. Chukua bati la alumini la milimita 2, lichorwe kwa leza, lipigwe ribiti mbili. Kwenye alumini iliyotiwa rangi nyeusi leza huacha alama nyeupe, kwa hiyo mwambie mchoraji ageuze: achome mandhari na ukingo wote, visanduku vibaki vyeusi. Baadhi ya simu na programu zinashindwa kusoma msimbo wenye visanduku vyeupe juu ya weusi. Na usithubutu kutoboa tangi la mafuta, piga kwenye fremu.

BintiStoo: Fremu ya bomba ni ya mviringo, kaka. Bati likipinda msimbo unakataa.

Bati_na_Ribiti: Anachomelea kipande bapa kwanza, halafu ribiti juu yake.

KodiMitambo: Na ikiibiwa, naweza kuona ilipo?

BintiStoo: Hapana. QR na NFC havitumi chochote. Unajua tu mahali iliposkaniwa mara ya mwisho, tena kama kijana aliwasha lokesheni. Kufuatilia ni kifaa cha GPS chenye laini yake na betri yake.

Bati_na_Ribiti: Na mwizi mwenye grinda anaondoa bati dakika moja. Gonga namba ya pili kwenye chasi, mahali pasipoonekana.

Fundi_Sakiti: GPS kwenye vaibreta ni hasara, mtikisiko utalegeza solda. Kwenye jenereta kubwa sawa.

KodiMitambo: Nimewaelewa wakuu. Jenereta naona bati. Vaibreta bado sijaamua: ile tegi ya feraiti inavumilia mtikisiko?

Fundi_Sakiti: Chagua iliyozamishwa kwenye epoksi, uiweke upande wa injini. Usiipeleke karibu na poka, ile ncha inayozamishwa kwenye zege. Una vaibreta ngapi, za petroli au za umeme?

MchapaLebo: Na ni nani atakayekuwa anazisafisha kabla ya kusoma? Hilo nalo hujasema.