Amplifaya ya valvu kwa magitaa ya kwaya: Fender, Marshall, Vox au Mesa?

RizimuNkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua amplifaya za valvu, zile zenye taa za kioo zinazokuza sauti. Kwaya yetu hapa Dodoma ina magitaa mawili, solo na rizimu, yanaingia moja kwa moja kwenye mikisa na sauti inatoka nyembamba, inachoma masikio. Kuna mtu anauza mtumba kutoka nje: Fender Twin Reverb, Marshall JCM800 ya wati 50 na Vox AC30. Mesa/Boogie ipo pia ila bei imetuzidi. Ukumbi unachukua watu kama 300, na mara nyingine tunakwenda mikutano ya nje, Kongwa au Kondoa, kwa jenereta. Tunapiga sauti safi, si roki. Tuchukue ya kampuni gani, na tukague nini kabla ya kutoa hela?

Fundi_Makole
Mkuu, kwa muziki huo chukua Twin Reverb. Nikueleze sababu, maana hizi kampuni zina undugu.

Leo Fender wa Fullerton, California, alitaka sauti ibaki safi hata ukiongeza voliumu. Twin Reverb ilitoka 1963: valvu nne za 6L6, wati 85, spika mbili za inchi 12. Ukiweka voliumu kwenye 3 tu ukumbi wenu umejaa, solo inasikika uzi kwa uzi na rizimu haimezwi na kinanda. Kampuni iliuzwa kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, mwaka 1965, ndiyo maana za kabla ya hapo zinasakwa kwa bei kubwa. Kwa kazi yenu hilo lisikusumbue, toleo la karibuni linatosha kabisa. Jiandae kubeba tu, ina karibu kilo 29.

Marshall imezaliwa na Fender. Jim Marshall alikuwa na duka la vyombo vya muziki Hanwell, London. Mwaka 1962 Ken Bran na Dudley Craven walichukua sakiti ya Fender Bassman, amplifaya ya besi, wakaijenga upya kwa vipuri vya Uingereza, ikawa JTM45. Baadaye wakahamia EL34, valvu inayosukuma sauti ya kati mbele. JCM800 ya 1981 imeundwa ili ikwaruze mapema. Kuipata safi unaweza, kwa kushusha gaini (nguvu ya mawimbi yanayoingia) na kupandisha masta (voliumu ya mwisho), lakini unakuwa unapigana nayo.

Vox AC30 aliibuni Dick Denney, na kampuni ilikuwa ya Tom Jennings huko Dartford, Kent. Ina EL84 nne, wati 30, na sauti ya juu inayong'aa vizuri mno kwa solo ya dansi. Tatizo ni kwamba EL84 zake zinafanya kazi karibu na kikomo muda wote, hata usipogusa gitaa. Joto ni kali na valvu zinachoka haraka.

Mesa ya Randall Smith ilianza kwa kupandikiza sakiti kubwa ndani ya Fender Princeton ndogo, kisha akaongeza hatua za gaini. Nzuri, ila kwa kwaya mtalipia vifundo msivyovihitaji. Mkikutana na Hiwatt, ile ya Dave Reeves, ikaguliwe kwa makini: ni safi kama Twin na nyaya zake zimepangwa kwa ustadi wa kupendeza.

BesiKisasa
Nakubaliana na Fundi, ila jina la mbele lisomwe mwisho. Geuza amplifaya, soma mgongo.

Ikiandikwa 120V 60Hz, ukichomeka kwenye 230 yetu fyuzi inakatika ukiwa na bahati, na ukikosa bahati transfoma inaungua. Marshall na Vox nyingi za zamani zina kichagua volti nyuma. Fender zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida hazina, kwa hiyo mtahitaji transfoma ya kushusha, 230 kwenda 120. Kwa Twin iwe na uwezo wa VA (volti-ampea) 500 au zaidi. Vile vidude vyepesi vya kielektroniki vya pasi na mashine za nywele havifai kabisa. Hakikisha waya wa ethi unapita hadi kwenye amplifaya, maana transfoma nyingi zina tundu la pini mbili tu, na hitilafu ikitokea ndani, mpiga gitaa anashika chasisi yenye umeme. Halafu transfoma iliyoundwa kwa 60Hz peke yake inapata moto zaidi kwenye 50Hz yetu. Lebo ya 50/60Hz ndiyo salama.

Ukigeuza kichagua kutoka 120 kwenda 230, badilisha na fyuzi. Ya 2A inakuwa 1A, aina ya kuchelewa kukatika.

Jenereta iwashwe kwanza, ipate mzigo wa taa, itulie, ndipo uwashe amplifaya. Heta za valvu zinataka volti 6.3. Umeme ukishuka hadi 190 zinapata 5.2 tu, sauti inalegea na valvu inaharibika taratibu. Stabilaiza ni lazima.

RizimuNkuhungu
Asanteni sana wakuu. Twin inasoma 120V, kwa hiyo transfoma naitafuta. Nikienda kuijaribu, valvu nazikaguaje kwa macho?

Fundi_Makole
Kabla ya yote, spika iwe imeunganishwa. Valvu ikifanya kazi bila spika inaua transfoma ya kutokea, na hicho ndicho kipuri cha gharama kubwa.

Tazama juu ya kioo cha kila valvu, kuna doa la rangi ya fedha. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, hiyo imekufa. Iwashe dakika kumi, zima taa za chumba. Mng'ao wa buluu kwenye kioo hauna shida. Bati la kijivu la ndani likianza kuwa jekundu, zima hapo hapo: bayasi (volti inayodhibiti mkondo wa valvu) imepotea, au kapasita inayopeleka mawimbi kwenye valvu inavuja, au soketi imelegea. Ukiweka valvu mpya bila kutibu chanzo, nayo itaungua.

Kisha gonga valvu ndogo za 12AX7 kwa penseli, moja moja. Inayolia kama kengele kwenye spika ibadilishwe. Ukisikia ECC83 ni hiyo hiyo.

Twin ikibadilishwa 6L6 lazima bayasi ipimwe. Fundi anaweka rezista ya omu 1 kwenye kathodi, milivolti 1 inakuwa miliampea 1. Valvu ya wati 30 unaiendesha kwa asilimia 70, yaani wati 21. Pleti, lile bati la kijivu, ikiwa na volti 450, lengo ni miliampea 46, wala usizidishe. Asiingize mkono ndani kabla ya kumwaga chaji ya kapasita kwa rezista ya kilo-omu 100, wati 2 au zaidi, dakika nzima, kisha apime tena kwa mita. Volti 450 hizo zinabaki hata waya ukiwa umechomolewa ukutani.

BesiKisasa
Kwa safari ya Kondoa: ikizimwa iache dakika 20 ipoe ndipo muipakie, maana valvu ya moto haivumilii kutikiswa. Ifunikwe turubai. Upepo wetu wa Julai na Agosti unaingiza vumbi kwenye vifundo, na hapo ndipo mikwaruzo ya voliumu inapoanzia. Dawa yake ni spirei ya kusafishia swichi, siyo mafuta ya cherehani.