MJADALA: Kerry ya 1975–1986 na Dublin ya 2011–2020, utawala upi ulikuwa mzito zaidi katika kandanda ya Kigaeli?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, nalileta swali hili kwa sababu limerudi mezani kwa nguvu. Mwezi Aprili 2025 alifariki Mick O'Dwyer, kocha aliyeijenga ile Kerry ya zamani, na mwezi Julai mwaka huohuo Kerry wakawafunga Donegal na kutwaa ubingwa wa 39 wa Ayalandi, idadi ambayo hakuna kaunti nyingine inayoikaribia. Tangu hapo kila kijiwe hapa Tralee, mji wa Kerry, kinabishana jambo moja: je, miaka ya dhahabu ya O'Dwyer bado ndiyo kilele cha mchezo huu, au Dublin waliifunika?

Wanaohesabu makombe husema mjadala umekwisha, kwa kuwa Dublin walibeba Kombe la Sam Maguire, yaani la ubingwa wa Ayalandi, mara sita mfululizo, kuanzia 2015 hadi 2020, ilhali Kerry walikwama kwenye manne, 1978 hadi 1981. Mimi siafikiani nao. Naamini utawala hupimwa kwa jinsi ulivyoweza kuporwa na jinsi wenyewe walivyorudi kuudai baada ya kuporwa, na kwa kipimo hicho Kerry wako juu. Walitwaa ubingwa 8 katika misimu 12, na katika ile minne mingine walianguka hadharani, mbele ya nchi nzima, kisha wakainuka.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, niseme machache. Kila upande una wachezaji 15, mpira huchezwa kwa mikono na miguu, goli huhesabiwa pointi 3, na katika miaka tunayoijadili mpira uliopita juu ya mtambaapanya katikati ya milingoti ulihesabiwa pointi 1. Ndiyo maana matokeo huandikwa 5-11, yaani magoli matano na pointi kumi na moja. Wachezaji wote ni wa ridhaa, hawalipwi mshahara, na kwa kawaida kila mmoja huchezea kaunti ya kwao. Katika kikosi kile Jack O'Shea alikuwa fundi bomba, Pat Spillane mwalimu, na Páidí Ó Sé alikuwa polisi. Kaunti haina soko la kununulia mshambuliaji, inavuna ilichopanda. Kerry ya wakati ule ilikuwa na watu takriban 120,000, na kaunti ya Dublin ilikuwa na takriban milioni moja.

Mwaka 1975 O'Dwyer alipeleka Croke Park, uwanja wa fainali jijini Dublin, vijana ambao wengi wao walikuwa hawajaoa, wakawafunga mabingwa watetezi Dublin kwa 2-12 dhidi ya 0-11. Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba kuanzia hapo njia ilikuwa nyeupe, na ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mwaka uliofuata Dublin, wakati huo chini ya kocha Kevin Heffernan, ililipiza kisasi katika fainali, 3-8 dhidi ya 0-10, na mwaka 1977 ikawatoa tena Kerry katika nusu fainali, 3-12 dhidi ya 1-13. Timu iliyofungwa mara mbili mfululizo na wapinzani walewale, ikiwa na kocha anayelaumiwa nyumbani, ilikuwa na kila sababu ya kuvunjika. Jibu la O'Dwyer lilikuwa mazoezi ya kukimbia yasiyokwisha katika uwanja wa Fitzgerald, Killarney, na kumwingiza mbele Eoin Liston, kijana mrefu mwenye mikono ya kuudaka mpira wowote wa juu.

Fainali ya 1978 ilianza vibaya mno kwa Kerry, kwani Dublin waliongoza kwa pointi 6 dhidi ya 1. John Egan akafunga goli la kwanza na mchezo ukafunguka. Kisha, muda mfupi kabla ya mapumziko, mwamuzi akawapa Kerry mpira wa adhabu, na mlinda lango wa Dublin, Paddy Cullen, akatoka langoni kumlalamikia. Mchezaji mmoja wa Dublin, kwa uungwana tu, akampa Mikey Sheehy mpira mkononi. Sheehy akauweka chini, akaona lango tupu, akauinua taratibu kuelekea wavuni huku Cullen akikimbia kinyumenyume na mikono hewani. Nimeitazama picha ile mara nyingi, na kila mara macho yangu huenda kwenye miguu ya Cullen inayopapatika kwenye nyasi, kwa sababu pale ndipo utawala wa miaka miwili ulipohamia mikono mingine. Ngwe ya pili Liston alitia kimiani magoli matatu, na mechi ikaisha 5-11 kwa 0-9.

Zikafuata 1979, 1980 na 1981, na ikabaki fainali ya 1982 dhidi ya kaunti ya Offaly ili wawe wa kwanza kutwaa ubingwa mara tano mfululizo. Kerry walikosa penalti, lakini hadi dakika za lala salama waliongoza kwa pointi 2. Ukapigwa mpira mrefu wa juu, Séamus Darby, aliyekuwa ametokea benchi, akaudaka nyuma ya beki Tommy Doyle na kuufumua hadi nyavuni. Offaly 1-15, Kerry 0-17. Wako wanaosema hadi leo kwamba Doyle alisukumwa mgongoni, lakini mwamuzi hakupuliza. Mzee mmoja ninayefanya naye kazi, aliyekuwapo uwanjani siku ile ya mvua, aliniambia kwamba ndani ya treni ya kurudi Tralee hakuna aliyefungua kinywa, na kwamba fulana aliyoinunua kabla ya mechi, iliyokwisha kuchapishwa kusherehekea mataji matano, hajawahi kuivaa wala hajaweza kuitupa.

Mwaka 1983 kaunti jirani ya Cork wakawapokonya hata taji la jimbo lao la Munster kwa goli la dakika ya mwisho, na wengi wakaamini wamekwisha. Wakarudi, wakachukua 1984, 1985 na 1986. Wachezaji watano wa kikosi kile, yaani Spillane, Ó Sé, Sheehy, Ger Power na Ógie Moran, walimaliza na medali nane kila mmoja. Hii ndiyo hoja yangu, na nakaribisha anayeipinga.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, umeandika kwa mapenzi na ninayaheshimu, lakini umeacha nje ya picha mambo yanayoiumiza hoja yako.

Njia ya Kerry kufika fainali ilikuwa fupi sana. Katika jimbo la Munster kaunti nyingi zilitanguliza mchezo wa magongo wa Kigaeli (hurling), na mpinzani wa kweli wa Kerry katika kandanda alikuwa Cork peke yake. Tarehe 1 Julai 1979, huko Milltown Malbay, Kerry waliwafunga kaunti ya Clare 9-21 dhidi ya 1-9. Hizo ni pointi 48 kwa 12. Je, huo ndio utawala ulioweza kuporwa? Timu ya wakati ule ilicheza mechi nne hivi ikawa bingwa wa nchi, ilhali Dublin mwaka 2019 walicheza mechi tisa, ikiwamo fainali iliyorudiwa, tena dhidi ya Kerry haohao, ambao mechi ya kwanza walitoka sare nao. Lile taji la tano mfululizo lililowaponyoka Kerry mwaka 1982, Dublin walilichukua mikononi mwa Kerry wenyewe.

Najua pia utasema kwamba zamani kushindwa mara moja kulikuwa kuaga mashindano, na kwamba mlango wa nyuma kwa waliofungwa ulifunguliwa mwaka 2001. Ni kweli, lakini Dublin hawakuuhitaji. Walicheza mechi 45 za ubingwa bila kufungwa hata moja hadi kaunti ya Mayo walipowatoa mwaka 2021, na mwaka 2020, kwa sababu ya janga la korona, mashindano yalirudi kwenye mtindo wa zamani wa mtoano, nao wakashinda vilevile. Sielewi kwa nini kutofungwa kuwe na thamani ndogo kuliko kufungwa na kurudi.

Mwanzisha mada

Nashukuru, na kwa Milltown Malbay sina utetezi. Mechi ile haikumfaidi yeyote, na sidhani Kerry wana haja ya kujivunia.

Hata hivyo, tuliangalie jimbo la Leinster kwa jicho hilohilo. Dublin walitwaa ubingwa wa jimbo lao kila mwaka kuanzia 2011 hadi 2024, mara 14 mfululizo, na fainali ya 2020 dhidi ya Meath, kaunti yenye historia kubwa, iliisha 3-21 kwa 0-9. Kerry walikuwa na Cork wa kuwasumbua, na mwaka 1983 Cork wakaweza. Katika Leinster ya miaka hiyo aliyeweza hakupatikana.

Kuhusu swali lako la mwisho, jibu langu ni kwamba kutofungwa kunatueleza jinsi timu ilivyo na nguvu, na Dublin walikuwa na nguvu kuliko timu yoyote niliyowahi kuiona. Mimi nazungumzia uzito wa miaka yenyewe kwa watu walioiishi. Nchi nzima iliitazama fainali ya 1982 ikijua kwamba Kerry ni bora na bado ikiwa na sababu ya kutumaini, na tumaini lile halikuwa la bure.

Mchangiaji wa pili

Nawasalimu nyote. Naona mnapima kila kitu isipokuwa fedha na idadi ya watu, ambayo kaka mwanzisha mada ameigusa na kuiacha njiani.

Dublin ya leo ina zaidi ya watu milioni 1.4, na Kerry haifiki 160,000. Tangu katikati ya miaka ya 2000 fedha za kukuza mchezo kwa watoto na vijana zilielekezwa Dublin kwa kiwango ambacho kaunti nyingine hazikukisogelea, ili makocha walipwe na wapelekwe mashuleni na katika vilabu. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu, kwani katika jiji kubwa mchezo huu unagombea watoto na soka na raga, lakini matunda tuliyaona. Mwaka 2002 kamati ya mapitio ya GAA yenyewe, yaani chama kinachosimamia michezo ya Kigaeli, ilipendekeza Dublin igawanywe kaskazini na kusini, na pendekezo hilo likawekwa kando. Siwezi kuujadili ukubwa wa mataji sita bila kulitaja hilo, ingawa siwalaumu vijana waliocheza, ambao hawakuandika bajeti yoyote.

Lakini kaka, nawe jiangalie. Kama udogo wa kaunti ndio unaoipa Kerry uzito, basi Offaly ilikuwa na takriban watu 60,000, nusu ya Kerry. Kwa mizani yako mwenyewe, shujaa wa enzi ile ni Darby na wenzake, na Kerry ndio waliokuwa jitu lililoangushwa.

Mwanzisha mada

Dada, hapo umenishika, na nakubali. Idadi ya watu niliitaja ili kuonyesha kwamba Kerry hawakuwa na hifadhi ya watu kama Dublin. Haiwezi kuwa nguzo ya hoja yangu, kwa sababu mbele ya Offaly Kerry walikuwa ndio wakubwa. Naiondoa. Kinachobaki ni kwamba enzi ya Kerry ilikuwa na nafasi kwa Offaly, na kwa maoni yangu medali za 1984 zinang'aa kwa sababu ya goli la Darby.

Mchangiaji wa kwanza

Basi naomba nikuulize la mwisho kwa kipimo chako hichohicho cha kuanguka na kurudi. Dublin walitolewa na Mayo mwaka 2021. Mwaka 2022 wakatolewa na Kerry katika nusu fainali kwa pointi moja tu, kwa mpira wa adhabu wa mbali uliopigwa na Seán O'Shea mwishoni kabisa, ukielekea upande wenye upepo unaouzuia. Wakaambiwa wamezeeka. Mwaka 2023 wakarudi na kuwafunga Kerry katika fainali, 1-15 dhidi ya 0-13, na siku hiyo Stephen Cluxton, James McCarthy na Michael Fitzsimons wakafikisha medali tisa, moja zaidi ya wale watano wako. Hilo unaliweka wapi?

Mwanzisha mada

Naliweka juu ya kila moja ya yale mataji sita, na nasema hivyo nikiwa mkazi wa Tralee niliyeumia siku ile. Cluxton alikuwa na umri wa miaka 41, alikwisha kukaa nje ya timu misimu miwili, na hakuwa na chochote cha kumthibitishia mtu, akarudi langoni. Kama mashabiki wa Dublin wangenijia na 2023 badala ya kunihesabia sita mfululizo, ningebishana nao kwa taabu zaidi. Ila mada yenyewe inaishia 2020, na hata tukiinyoosha hadi 2023, kwa kipimo changu cha kurudi baada ya kulikosa taji misimu miwili mfululizo, Dublin wamerudi mara moja. Kerry walirudi mara mbili, 1978 na 1984, na ile ya kwanza waliidai kutoka mikononi mwa walewale waliokuwa wamewapora.

Anayeikumbuka nusu fainali ya 1977 kwa macho yake mwenyewe, naomba achangie. Wengi huitaja kuwa mojawapo ya mechi bora kuwahi kuchezwa Croke Park, na sisi tuliokuja baadaye tunaitazama kwa picha zenye chengachenga.